Nilimwongezea Mume Wangu Kidonge, Kisha Nikamwita Mlevi

Nimekosa, jamani. Nimekosa kwa mkono wangu na kwa mdomo wangu. Msinionee huruma, nisikilizeni tu.

Mume wangu ni fundi seremala hapa Iringa, na ana kifafa. Kwa vidonge vitatu kila siku alikaa karibu mwaka mzima bila kuanguka. Wiki chache kabla ya kipaimara cha binti yetu, akaanguka karakanani. Nikaingiwa na hofu. Aanguke kanisani mbele ya ukoo mzima? Aibu gani hiyo!

Nikajifanya daktari. Nikanunua vidonge vilevile dukani, nikawa namsagia cha nne kwenye uji bila kumwambia. Panadoli si tunaongezaga na watu wanapona? Mjinga mimi!

Kweli hakuanguka tena. Ila akaanza kuyumba. Ulimi mzito, macho yanachezacheza, akiingia ndani anagonga mlango. Na ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi imejaa kila kilabu. Basi nikajua nimeshajua.

"Mama Tuma, sijaonja hata tone," alisema. "Kichwa tu kinazunguka."

"Kamdanganye mama yako! Ulanzi umekujaa mpaka machoni!"

Hata kumnusa mdomo sikumnusa! Nikaenda moja kwa moja kumshtaki kwa mzee wa kanisa. Wazee wakamtenga na meza ya Bwana. Siku ya kipaimara, binti yetu anashiriki kwa mara ya kwanza, baba yake kaketi benchi la nyuma, kichwa ameinamisha.

Jumatatu yake hakuweza hata kusimama. Hospitalini daktari akauliza anameza vingapi. Mume wangu akajibu vitatu. Ikabidi niseme vinne.

"Mama, hata panadoli ina mwisho wake," daktari akaniambia. "Lakini dawa hii, kipimo kinachotibu na kinachodhuru vinapakana. Kidonge kimoja tu cha ziada kinamvusha mtu kwenye madhara. Ndiyo maana tunapandisha kidogo kidogo huku tunamwangalia."

Mume wangu alinigeukia, akanitazama, kisha akageuzia uso ukutani. Heri angenitukana!

Nilirudi kwa wazee nikakiri, wakamrejesha mezani. Lakini miguu haijakaa sawa mpaka leo, na randa haimtii tena. Dawa zake amezihamishia kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila jioni anajikongoja na fimbo kwenda kuzimeza huko, na mimi nimebaki mlangoni namwangalia.

Nyie mnaoongeza dozi kwa mapenzi, acheni! Mgonjwa wako akiyumba, beba dawa zake zote umrudishe kwa daktari siku hiyohiyo. Na akikwambia hajanywa, mwamini. Kama huwezi kumwamini, basi angalau mnuse kwanza!