Nyama ya Stika ya Njano

Zamani nyama ilikuwa na mwenyewe, mtu mwenye jina na kisu ambaye ikikuharibikia ungemrudia asubuhi ukamtukana mbele za watu. Siku hizi nyama ina bei na tarehe tu, na ukitaka kumtukana mtu utalitukana friji.

Mzee Nyongeza aliijua zamani hiyo kwa sababu alikuwa mmoja wa hao wenye kutukanwa. Alikuwa na bucha kwenye kona, chumba kimoja chenye vigae vyeupe, mizani ya mawe, na gogo la kukatia lililobonyea katikati kwa miaka ya shoka. Jina lake alilipata kwa tabia ya kupima kilo yako mpaka mizani itulie kabisa, kisha, ukiwa umeshanyoosha mkono kupokea, akatupia kipande kingine juu. Haikuwa hisani, wala haikuwa ujanja wa biashara. Ndivyo mtu mzima alivyouza nyama. Na nyama ya kusaga hakumuuzia mtu ila yule aliyesimama pale pale akaona kipande chake kikiingia kwenye mashine na kutoka. Iliyosagwa mapema, alikuwa akisema, hiyo si nyama, hiyo ni uvumi.

Supamaketi ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, wateja wake walianza kupita na mifuko yenye maandishi huku wakimsalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kama mtu anavyomsalimia aliyefiwa. Baadaye wakawa hawapiti upande wake kabisa. Mwanafunzi wake wa kazi, kijana mmoja aliyeota kipara mapema na kuitwa hivyo hivyo Kipara, akahamia mtaa wa nyuma na kufungua kibucha chake kidogo. Mzee akampa gogo. Mizani akaiuza kwa mnunua vyuma chakavu, akasimama mlangoni kuitazama ikipakiwa, kisha akaenda kulala mchana kweupe.

Mkewe alikuwa bado hai wakati huo. Naye alipofariki, mzee alibaki na vyumba viwili na fedha anazoletewa na mwanawe mwisho wa mwezi, ambazo zilikuwa za kumtosha mtu asiyekula. Ndipo alipojifunza kununua, yeye aliyekuwa muuzaji maisha yake yote.

Mwalimu wake alikuwa Mama Posta, mstaafu wa posta, mwanamke mwembamba mwenye mkoba uliomzidi kimo. Yeye na wastaafu wenzake wachache walikuwa wakikutana alasiri kwenye ukuta mfupi wa nje, pale watu wanaporudisha matoroli, na kupeana habari za bei za supamaketi tatu za mjini. Sabuni ni huku. Mafuta ni kule kwa mlinzi mkali. Unga wa kule chini usiuguse mpaka mwisho wa mwezi. Mama Posta alimfundisha kutotazama bei kubwa iliyoandikwa kwa wekundu, bali ile ndogo ya pembeni inayosema kilo moja inakwenda kwa kiasi gani, maana pakiti kubwa mara nyingi ni ya kuwakamata wenye haraka. Mtu akikiri kwamba amenunua kitu bila kulinganisha, wote walimgeukia.

“Umelipa bei nzima?” Mama Posta angeuliza. “Kwani una harusi?”

Wakacheka, na mzee akacheka nao, ingawa mara nyingine kicheko kilimkwama alipokumbuka kwamba enzi zake hakuna aliyelinganisha bei ya nyama. Watu walilinganisha wauzaji.

Walikuwa na kazi moja ambayo hawakuifanya hadharani. Waliiita kupanda. Jioni, kabla ya kufunga, binti mmoja mfanyakazi hupita na mashine yake ya stika za njano, akibandika vile vilivyofika mwisho wa tarehe, na bei hushuka nusu au zaidi. Lakini kizuri hakingoji jioni. Basi ukiona pakiti ya nyama ambayo tarehe yake ni ya leo, unaichukua mchana na kuipanda: unaiingiza chini ya nyingine, nyuma kabisa mwa friji lile lile, asiione mtu. Jioni unarudi kuvuna. Mama Posta alikuwa na sharti moja tu, kwamba cha baridi kipandwe kwenye baridi, na aliyevunja sharti hilo hakukaa tena ukutani.

Tena kulikuwa na jambo kati ya Mama Posta na mzee ambalo wakati huo hawakulitamka hata siku moja. Baada ya homa iliyomlaza kitandani mwaka aliofiwa, pua ya mzee ilikuwa imekufa. Hakusikia harufu ya moshi wala ya maua ya makaburini. Vidole vyake navyo vilishika ganzi, urithi wa miaka ya kushika nyama ya barafu. Buchani kwake watu walikuwa wakimletea hata samaki wa mahali pengine awanusie. Sasa hakuweza kutofautisha maziwa mabichi na yaliyochacha. Kwa hiyo akivuna kitu, alimnyooshea Mama Posta pakiti kama mtu anayetaka tu kusifiwa. “Unaonaje hii?” Naye Mama Posta aliisogeza usoni, akaigeuza, akasema nzuri, au akasema mzee, hii waachie wenyewe. Zaidi ya hapo hawakusema.

Nyama yote hiyo ilikuwa ya Jumapili. Jumapili mwanawe, mkwewe na mjukuu wake walikuja kula mchana. Mwanawe, karani wa bima mwenye kuchoka, alikuwa ameshasema zaidi ya mara moja kwamba Baba asihangaike, wangeweza kuwa wanakula kwao na kupita kumsalimia tu. Mzee aliisikia sauti hiyo na kuijua. Alishaisikia kwa wateja. Leo wanakupitia kukusalimia, kesho wanapita upande wa pili. Sufuria ikizimika Jumapili, asingemwona tena yule mtoto ila kwenye picha.

Mtoto mwenyewe mzee alimwita Bosi, kwa kuwa alikuwa msichana wa amri. Babu kaa hapa. Babu usimeze kwanza. Wakati huo meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili, na alikuwa ametoa agizo kwamba hataki nyama ya kutafuna. Mzee, aliyewatukana walaji wa uvumi maisha yake yote, akaanza kununua nyama ya kusaga na kumtengenezea madonge laini, yaliyopitishwa motoni kidogo tu yasikauke. Mwanawe akiuliza alikoinunua, alijibu kwamba ni kwa Kipara. Huo ndio uongo pekee aliowaambia. Bucha la Kipara lilikuwa ghali kwake, na kusema kwamba muuza nyama anakula stika za njano kulimshinda.

Jumamosi moja goti la Mama Posta lilimzuia kutoka. Mzee alifika peke yake mchana, akaona pakiti ya kusaga ya tarehe ya siku ile, akataka kuipanda mahali pake pa siku zote. Mfanyakazi alikuwa amepiga magoti pale, anapanga upya. Akasogea mpaka friji la mwisho, karibu na mlango wa stoo, ambalo pembe yake ya chini ilikuwa tupu. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini ni tupu. Yeye alifurahi kwamba hakuna atakayetazama huko. Aliingiza mkono, vidole vikamwambia kuna baridi, kwa sababu vidole vyake vilimwambia kuna baridi mahali popote. Akaisukuma nyuma, akaweka pakiti mbili za siagi mbele yake, akaenda zake.

Jioni binti wa stika aliichomoa mwenyewe, akacheka.

“Mzee, hii leo ilijificha wapi?”

“Ilikuwa inanisubiri,” akajibu.

Aliitazama rangi chini ya taa ya friji, na ilikuwa nyekundu safi. Ni yeye, katika zama zake, aliyewaambia watu kwamba taa ya waridi inaweza kuipamba hata maiti, na kwamba nyama huchukuliwa mlangoni ikatazamwa kwenye jua. Jua lilikuwa limekwisha. Nyumbani aliiinua mpaka puani, akavuta pumzi, hakusikia kitu, kama siku zote. Akafikiria kwenda kwa Mama Posta, hapakuwa mbali. Lakini angesema nini mlangoni? Muuza nyama amekuja kuazima pua? Akabandua stika, akaifinyangafinyanga, akaitupa, na asubuhi akazidisha kitunguu saumu.

Mezani mkwewe aliinamia bakuli kupakua, na mkono wake ukasita. Alikuwa mwanamke mwangalifu, asiyependa maneno.

“Baba, hii ni ya kwa Kipara?”

“Ya kwa nani tena? Au leo unataka kunifundisha nyama?”

Alisema kwa kicheko, na mwanawe akacheka pia bila kuinua macho kwenye simu yake. Mkwe akainamisha uso.

“Hapana, Baba. Nani atakufundisha wewe.”

Akajipakulia mboga. Donge lake akalisukuma pembeni mwa sahani. Sahani ya mtoto hakuigusa, maana kumwondolea mtoto chakula mbele ya baba mkwe, ndani ya nyumba yake, ni kumpiga kofi. Mwanawe alionja kidogo, akasema alikunywa chai kwa kuchelewa. Bosi alikula yake, akaamuru apewe na ya mama yake, akapewa.

Katikati ya wiki alikuwa hospitali. Alianza kwa tumbo, ikafuata damu, kisha mkojo ukakatika. Daktari aliwaeleza koridoni kwamba ni vijidudu vya chakula kibovu, na kwamba sumu yake imeshuka kwenye figo. Akauliza mtoto amekula nini. Mwanawe akasema nyama, akasema ya kwa nani, akaondoka kabla ya mtu kumshika. Mzee alibaki kwenye benchi. Alipoinuka kumwita, mwanawe alikuwa ameshafika ngazini.

Alirudi na Kipara akitangulia mbele, aproni bado kifuani. Kwa maneno ya mwanawe mwenyewe, alikuwa amemwaibisha mbele ya wateja wake wote, na sasa amemleta aone alichofanya kabla watu wa afya hawajaja kutia kufuli kwenye lile bucha. Kipara hakujitetea. Alimtazama mzee kwenye benchi, na mzee akaona kwamba ameelewa. Kwa miaka hakuwa amemuuzia hata mfupa.

“Kama mzee amesema ni kwangu,” Kipara akasema polepole, “basi ni kwangu.”

Hivyo ndivyo alivyofunzwa. Mteja akirudi, humkatalii mbele za watu. Mzee alikuwa amemfundisha hayo mwenyewe, kwenye gogo lile lile ambalo jioni hiyo lingefungiwa ndani kwa kufuli. Na alijua pia akifungua mdomo ni nini kitakachofuata. Hakuhitaji kuambiwa. Angekaa kimya, Kipara angekwisha, na Jumapili zingebaki.

“Mwache,” akasema. “Sikununua kwake. Ni ya supamaketi, ya stika. Niliificha mahali pabaya, na mimi sinusi tena.”

Mwanawe aliuliza stika gani, akauliza tena, kana kwamba ameambiwa kwa lugha nyingine. Mkwe ndiye aliyeelewa. Alikuwa amesimama na kiatu kimoja cha mtoto mkononi.

“Mimi niliinusa, Baba,” akasema. “Niliinusa nikanyamaza, kwa sababu ni wewe.”

Kipara aliketi kando ya mzee kidogo, kisha akaondoka kwenda kufungua bucha lake, ambalo wateja walichukua muda mrefu kulirudia, na wengine hawakurudi. Mwanawe alimwambia baba yake aende nyumbani, angempigia simu. Alimpigia, mara moja moja. Mtoto alipona kwa namna ya kupona kwa siku hizi: aliishi, lakini figo zilitaka mashine ya kusafisha damu, na mashine ilikuwa katika mji mwingine, mbali. Mwanawe akaomba uhamisho. Jumapili zilizobaki mzee alipika mboga, kwa ajili ya mtu mmoja. Ukutani hakukaa tena. Mama Posta alimfuata nyumbani, akamwambia kwamba angemwita tu, angeamka na goti lake lile lile akainusa. Mzee akasema anajua. Ndiyo mara pekee walipolitaja.

Siku ya mwisho aliyowaona ilikuwa supamaketi, kati ya rafu za biskuti. Gari la mizigo lilikuwa limeshatangulia. Wao walikuwa wakinunua vitu vya njiani. Mwanawe alikuwa nje kwenye gari. Mzee alikuwa na mkate kwenye kikapu, wenye stika, akaufunika kwa kiganja.

“Shikamoo, Baba,” mkwe akasema. Heshima yake ilikuwa kamili, na hapo ndipo palipomuuma mzee.

“Marahaba.”

Mtoto alikuwa amevimba uso kwa dawa, miguu imekonda. Alimtazama babu yake bila kutoa amri yoyote. Kisha akafunua mdomo kumwonyesha: meno ya mbele yalikuwa yametoka, makubwa, yana kingo za msumeno.

“Sasa unaweza kutafuna, Bosi,” akasema.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali, akajificha nusu nyuma ya mama. Mzee alitafuta la kuongeza. Alikuwa nalo maisha yake yote, lile la kutupia juu mizani ikishatulia. Aliona tu pakiti ya biskuti mkononi mwa mkwewe.

“Hizo kule chini ni nafuu,” akasema.

“Asante, Baba.”

Wakaenda kwa keshia wakalipa bei nzima. Mlango wa kioo ukajifungua wenyewe, Bosi akageuka mara moja akilamba meno yake mapya, na mlango ukajifunga.