Ufunguo Katika Fundo la Kitenge

Kwanza nilisikia kufuli. Mlio mfupi, mkavu, kama jino linapokuta jiwe kwenye wali. Sikuona kitu, maana nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, kitenge kimenifunika kichwa mpaka kidevuni, nikijifanya mama aliyekesha na mtoto mgonjwa. Wanafunzi watano walikuwa wamefungiwa ndani pamoja nami.

Mchezo huo niliutunga mimi. Mwalimu mmoja wa afya hapa Bunia alinisikia nikisoma kwenye kikundi chetu cha waandishi, akaniomba nimtungie hadithi ya kufungia watu. Mwanafunzi wa udaktari, wa uuguzi, wa ukunga, wa maabara na wa dawa wangeingia chumba kimoja, wamtibu mgonjwa, na kwa kumtibu wapate ufunguo wa kutoka kabla nusu saa haijaisha. Mgonjwa alikuwa mwanasesere aliyevishwa sweta.

“Kila mumoja anajua kipande yake,” mwalimu aliniambia. “Ninataka wasikilizane.”

Nilipokuwa mtoto niliwahi kulazwa kwa malaria. Mama aliketi sakafuni kando ya kitanda changu, na kila madaktari walipopita walimwambia, “Garde-malade, inje!” Ndivyo tunavyomwita ndugu anayelala na mgonjwa hospitalini. Mama alikunja mkeka akatoka, na yote aliyoyaona usiku kucha alitoka nayo. Kwa hiyo nilipotunga mchezo, ufunguo wa kabati la dawa niliufunga katika fundo la kitenge nilichojifunga kiunoni, pamoja na pakiti ya dawa ambayo mtoto alikuwa amekwisha kupewa nyumbani. Mwalimu aliniwekea sharti moja tu: nisiseme neno mpaka niulizwe.

Kundi la asubuhi lilinifukuza dakika ya pili. “Mama, inje kidogo, tunapima mutoto.” Mwalimu akanifungulia, nikatoka na ufunguo wao kiunoni. Niliwatazama dirishani wakipindua godoro, wakipekua hata soksi za mwanasesere, mpaka muda ukaisha. Nilipowafungulia fundo walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Kundi la mchana lilikuwa na mdogo wangu wa kike.

Alikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi, na nyumbani begi lake lilikuwa limefungwa tayari kando ya mlango. Alitaka kuacha masomo aende Tchomia kwa mama mdogo, akauze samaki wa moshi. Katika mazoezi ya hospitali alikuwa amesema kwamba mgonjwa fulani amekwisha kudungwa sindano, na mwanafunzi wa udaktari akamjibu mbele ya wodi nzima: “Weye kazi yako ni kupiga shindano. Kufikiri, utuachie siye.” Baadaye ilionekana alisema kweli, lakini hakuna aliyerudi kumwambia.

“Samaki hazitanijibu vibaya, Yaya,” aliniambia, kwa jina tunalomwitia ndugu mkubwa. Kwenye mchezo alikubali kuja kwa sababu tu ulikuwa wangu. Sikumwambia nimeficha nini, wala wapi.

Na kijana yule yule alikuwa kundini mwake. Sauti yake niliijua kabla sijamwona, kwa jinsi mdogo wangu alivyozoea kumwigiza.

“Mama, toka inje.”

Nilisimama, nikakipenua kitenge cha kichwani nipate upenyo wa macho tu. Nikaanza kukunja mkeka, polepole kuliko mama yeyote wa Ituri alivyowahi kukunja mkeka. Nilitamani kukohoa. Nilitamani kumkanyaga mdogo wangu mguu. Sikufanya.

“Abaki,” mdogo wangu alisema.

“Ati? Weye ulisomea udaktari wapi?”

“Sikusomea. Lakini usiku mutoto alilala na nani, na weye ama na yeye?”

Mwanafunzi wa ukunga aliangua kicheko. “Dokta, jibu basi!”

Mdogo wangu akautandika mkeka tena, akapiga magoti mbele yangu. Alinitambua, nadhani, kwa vidole vya miguu, maana alipepesa macho mara moja. Lakini aliniuliza kwa heshima, kama anavyoulizwa mgeni: “Pole, mama. Kule nyumbani mulimupa mutoto dawa gani?”

Fundo nililolifunga mwenyewe lilinishinda, yeye akanisaidia. Mwanafunzi wa dawa akaisoma pakiti, akapaza sauti: “Tukimupa ingine tunamuua!”

Kijana wa udaktari akachuchumaa kwenye mkeka, macho yake chini ya yangu, akaniuliza ilikuwa saa ngapi, vidonge vingapi. Akapiga hesabu upya. Kabati likafunguka, na ndani yake mlikuwa na ufunguo wa mlango. Aliutazama kidogo, akampa mdogo wangu.

“Fungua weye.”

Hakuomba msamaha, na mdogo wangu hakungoja aombe. Alikwenda mlangoni amenyoosha shingo kama mama yetu siku za Krismasi. Nami nikabaki mkekani, nikilia kwa furaha chini ya kitenge. Nimeandika kurasa nyingi; hakuna hata moja iliyonipa fahari ile.

Asubuhi iliyofuata mama mdogo alipiga simu. Mdogo wangu alikuwa akipiga pasi blauzi nyeupe, aliyoitoa chini kabisa ya begi, na sauti kutoka Tchomia ilijaa chumba kizima: “Samaki zinakungojea!”

“Zingojee mwengine, mama mudogo. Leo niko na kazi hospitalini.”

Akavaa blauzi ikiwa bado na joto, akaliruka begi.

“Yaya, toa hii kitu mu njia,” akasema, na akafunga mlango nyuma yake.