Kamera Isiyojipendekeza
Basi lilimshusha Usicheke katikati ya jiji asilolijua, mguu mmoja una ganzi, mwingine umeshaanza safari. Ilikuwa saa nne asubuhi, na basi la kumrudisha kwao lilikuwa moja tu, saa nane mchana. Alimwuliza njia muuza magazeti, akaonyeshwa kushoto. Akamwuliza askari wa barabarani, akaonyeshwa kulia. Akaamua kwenda mbele, na duka la kamera likawa huko huko mbele.

Jina la Usicheke alipewa na wateja. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipiga picha za vitambulisho katika chumba chenye dirisha moja, na neno lake la kwanza kwa kila anayeketi kwenye stuli lilikuwa hilo hilo: usicheke, serikali haitaki meno.

Balaa lilianza kamera yake ilipokata roho, akaazima simu ya mpwa wake. Wiki hiyo walikuja wastaafu kumi na wawili, kila mmoja akitaka picha mpya ya kuthibitisha kwamba yu hai. Picha zilitoka zinang'aa. Muuguzi mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Sindano, aliibusu ya kwake. "Mwanangu, umenirudishia usichana!"

Karani wa ofisi ya wastaafu hakubusu kitu. "Hawa ni nani?"

"Wastaafu."

"Hawa ni watoto wao, mama."

Simu ilikuwa imewapiga pasi nyuso. Baba yake Usicheke, fundi bomba mstaafu, alikuwa amefutiwa hata kovu la kwenye paji, kovu lililoandikwa katika faili lake kuwa alama ya kumtambulisha. Picha za kweli zisipofika kufikia Ijumaa, karani alisema, majina yote kumi na mawili yatahamishiwa orodha ya marehemu.

"Mzee wangu kanifokea leo asubuhi kwa ajili ya chai ya baridi," Usicheke alimjibu. "Maiti gani huyo anayefoka?" Kesho yake, Jumatano, akapanda basi.

Sasa, dukani, muuzaji, bwana mwenye tai nyembamba, alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, dada. Unapiga nini? Harusi? Mandhari?"

"Wazee. Wamekaa."

"Basi hii hapa!" Ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha. "Inatafuta uso yenyewe, inalainisha ngozi yenyewe."

"Na kufua inafua yenyewe? Kaka, mimi nataka mikunjo."

"Mikunjo?"

"Yote. Usiniibie hata mmoja."

Bwana alicheka, akauzima ule ulainishaji. Usicheke akataka kuijaribu, lakini kwa nani? Uso wa muuzaji ulikuwa mtupu kama sahani. Macho yake yakatua mezani pa malipo, alipoketi mwenye duka, bibi mwenye nywele zilizotiwa rangi nyeusi na miwani ya kamba shingoni.

"Huyo ni mama mkubwa wangu," muuzaji alinong'ona. "Hapigwi picha. Hata nyumbani hatuna yake."

"Nimesikia," bibi alisema. "Na jibu ni hapana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado ni hapana."

Usicheke hakuondoka. Alimsimulia habari za kovu la babake, za karani, za Ijumaa. Bibi akaweka kalamu chini.

"Wamwandike kafa, naye anakunywa chai?"

"Na kuilalamikia."

Bibi akainuka, akaburuta stuli mwenyewe hadi dirishani.

"Usicheke, mama."

"Nani anacheka?"

Ile kamera ya fedha iliwasha taa yake, ikamwagia bibi mwanga usoni, na mikunjo ikatoweka kwa mara nyingine. Taa ilipozimwa, picha ikatoka kama uji. Ya pili ilikuwa na lenzi ndefu kama mchi. "Hii inamnasa ndege angani!" muuzaji alijigamba.

"Wazee wangu hawajaota mabawa. Na chumba changu kina hatua tatu. Nisimame barabarani?"

Ya tatu Usicheke aliitoa mwenyewe kwenye rafu ya chini, miongoni mwa zilizotumika. Mwili wake ulikuwa na mikwaruzo, lenzi yake fupi, yenye kufunguka sana na kutosheka na mwanga wa dirisha tu.

"Hiyo imezeeka, dada," muuzaji alisema kwa haya. "Haina intaneti. Hata kioo cha kugusa haina."

"Tutaelewana."

Akapiga. Akaikuza picha kwenye kioo, akaikagua kama anayechambua mchele. Mikunjo ya paji ilikuwepo, mistari kama miguu ya kunguru pembeni mwa macho ilikuwepo, na chunjua kando ya pua lilikuwepo, na unywele wake. Akaomba zichapwe nne, ukubwa wa kitambulisho, akamwekea bibi mezani.

Bibi alivaa miwani.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe, mama. Hakuna karani atakayekuuliza mama yako yuko wapi."

Usicheke alilipa, akaitia kamera mkobani. Mlangoni aligeuka, akamwambia muuzaji, "Na Ijumaa mzee wangu atakwenda ofisini mwenyewe, na kovu lake, na picha ya kovu lake. Wachague wa kumzika." Akatoka mbio kuliwahi basi.

Dukani, muuzaji aliinama juu ya zile picha nne. "Mama mkubwa, nikulainishie kidogo kwa simu?"

Bibi alizifunika kwa kiganja.

"Thubutu."