Maji ya Tatu

Mikononi mwa Hermelinda, mahindi ya tortilla, ile mikate bapa ya kila siku, hayakuwa tayari mpaka yaoshwe kwa maji matatu. Ukiisha kuyachemsha na chokaa na kuyalaza usiku mzima, maji ya kwanza huondoa chokaa, ya pili huondoa maganda, na ya tatu, mama yake alikuwa akisema, huondoa maneno ya majirani. Maana mwanamke asiyeosha mahindi yake sawasawa hutoa tortilla za manjano zenye uchungu, na katika kijiji chao, chini ya mlima Malinche, habari ya tortilla chungu ilifika kanisani kabla ya kengele.

Huyo mama yake, Bibi Felícitas, ndiye aliyekuwa akijua uyoga kuliko watu wote wa upande ule. Miaka hamsini alipanda mlimani mvua zilipoanza, akashuka na kikapu kimejaa. Kisha mwaka mmoja, miaka minane iliyopita, alishuka na kikapu kama kawaida, akapika, akatumbukiza punje ya kitunguu saumu sufuriani. Kule husemwa kwamba kitunguu kikigeuka cheusi, uyoga una sumu. Kilibaki cheupe kama jino. Bibi akala peke yake, kwa kuwa kanuni ya nyumba ilikuwa hivyo: aliyechuma huonja kwanza, wengine hungoja mpaka kesho. Alfajiri akaanza kutapika. Siku ya tano wakamzika.

Tangu hapo uyoga haukuingia tena katika nyumba ile. Kikapu Hermelinda alikitundika kwenye boriti ya jikoni. Hakuweza kukitumia, wala hakuthubutu kukichoma. Chumba cha mama yake alikifunga kwa kamba.

Sasa binti yake Yareli alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu Pasaka ipite Hermelinda alikuwa amemwona mara tatu akikitazama kile kikapu. Alikuwa mwanamke wa kuhesabu mambo kama hayo. Mara ya nne, msichana alifungua mdomo.

"Mama, mwaka huu siku ya San Juan, mwezi wa sita mvua zikishika, napanda mlimani."

"Na nani?"

"Na akina mama wanaochuma uyoga. Kila mwaka wanapanda na wanarudi."

"Hata bibi yako alirudi," alisema Hermelinda.

Yareli alichezea ncha ya msuko wake. "Shuleni wanasema bibi alikuwa amechanganyikiwa. Wanasema hakuwa anajua kitu, alikuwa anabahatisha tu. Mimi nitapanda, nichume kama alivyochuma yeye, nishuke na kikapu kimejaa, wanione."

 Hermelinda angeweza kumkataza, lakini alimjua mtoto wake: ukimfungia mlango, atatokea dirishani, tena peke yake. Ndipo likamtoka neno ambalo hakuwa amelipanga.

"Na nikikuoteshea uyoga humu humu ndani?"

Yareli alicheka mpaka akashika meza. "Wewe? Wewe unayevuka barabara ukiona uyoga umeota kwenye kisiki?"

"Mimi."

"Haya. Ukiota kabla ya San Juan, mwaka huu sipandi, nakuapia. Usipoota, kikapu ni changu na hutasema neno."

"Sitasema neno," alisema Hermelinda, na papo hapo akajuta.

Wakati huo alikuwapo mwalimu mmoja wa kilimo, msichana mwenye miwani jina lake Itzel, aliyekuwa akiwafundisha wanawake katika ukumbi wa kanisa namna ya kuotesha uyoga kwenye mabua ya shayiri. Hermelinda alikwenda, akaketi nyuma karibu na mlango. Alishika mambo kwa masikio, kwani kuandika kulimchelewesha. Mwalimu alisema: mabua yakatwekatwe, yalale usiku mzima katika maji ya chokaa, yachujwe, yatiwe mbegu, yashindiliwe kwenye mfuko wa nailoni, yakae mahali penye ubaridi na giza kiasi.

Aliposikia chokaa, Hermelinda alishusha pumzi. Hilo, alijiambia, nalijua. Chokaa na mimi tumezeeka pamoja.

Alipewa mbegu katika kifuko. Zilikuwa punje za ngano zilizoota ukungu mweupe, zimeshikana kama mkate uliosahauliwa. Alizibeba kwa vidole viwili njia nzima. Nusu aliziweka ndani ya mtungi, mahali penye ubaridi, kwa sababu hakuwa mtu wa kutumia kitu chote kwa mara moja. Chumba chenye giza na ubaridi kilikuwa kimoja tu. Akafungua ile kamba.

Asubuhi mabua yalikuwa yamelainika katika beseni. Akayachuja, akayaosha maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu, mpaka yakawa hayatelezi mkononi, akayashindilia mfukoni pamoja na mbegu. Alikuwa amebakiza konzi moja ya mwisho kwenye beseni, haijaoshwa, mara sauti ikaita kwenye lango.

"Herme! Wewe Herme! Umekufa humo ndani?"

Alikuwa Crescencia, jirani yake na mama wa ubatizo wa Yareli, mwanamke mnene asiyeweza kupita nyumba bila kuchungulia.

"Nipo, nakuja!"

Kwa haraka aliishindilia ile konzi ya mwisho kwenye mdomo wa mfuko vile vile ilivyo, akafunga, akatoka akijipangusa kwenye aproni. Lakini Crescencia alikuwa ameshaingia uani, ameshauona ule mfuko kupitia mlango wa chumba.

"Nini hicho? Umewapikia punda?"

"Uyoga."

Crescencia alijishika kifua. "Mwenzangu! Watu wengine hupanda maua, wewe unapanda kilichomuua mama yako? Na katika chumba chake?"

"Huu si ule."

"Hata ule haukuwa ule, bibi wee. Mpaka alipoula."

 Hermelinda alimpa kahawa ili anyamaze, naye akainywa, lakini hakunyamaza.

Siku zilizofuata aliingia kuutazama mfuko asubuhi, mchana, na kabla ya kulala, kama mtu mwenye mtoto mwenye homa. Siku ya saba aliona doa la kijani. Siku ya kumi, mfuko karibu wote ulikuwa wa kijani, kijani kile cha nguo iliyosahauliwa kwenye maji.

Yareli alisimama mlangoni. Kwa adabu hakucheka, na hilo lilimuuma mama yake zaidi.

"Bado kuna nusu ya mbegu," alisema msichana taratibu.

"Najua."

"Na zimebaki wiki sita."

"Najua kuhesabu, Yareli."

Alipobaki peke yake Hermelinda aliketi sakafuni kando ya mfuko. Alitaka kuamini kwamba mlima umemkataa, au kwamba mama yake hapendi. Imani ya namna hiyo hupumzisha, kwa kuwa haikuachii kazi ya kufanya. Lakini macho yake hayakuzoea kupumzika. Yaliona kwamba juu kabisa, kwenye mdomo wa mfuko, palikuwa na sehemu ya ukubwa wa konzi moja ambayo haikuwa ya kijani. Ilikuwa nyeupe. Kwanza alidhani ni chokaa. Akafungua kamba, akakwaruza kwa ukucha: si vumbi, ni utando laini kama pamba, umeyashika mabua na kuyaunganisha.

Akainamisha pua. Pale chini palinuka sufuria iliyolala na makombo. Pale juu palinuka mvua, udongo na sindano za msonobari. Palinuka kikapu cha mama yake. Miaka minane hakuwa ameisikia harufu ile. 

Konzi moja. Alifikiri muda mrefu kuhusu hiyo konzi, mpaka akilini akamwona tena Crescencia langoni, na mkono wake mwenyewe ukishindilia kwa haraka mabua yanayoteleza bado. Ile ambayo haikuoshwa.

Mwalimu alisema loweka, akasema chuja. Kuosha hakusema. Kuosha kulitoka mikononi mwake Hermelinda na kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake. Ile chokaa aliyoifukuza kwa maji matatu ndiyo iliyokuwa mlinzi wa mlango. Alimwondoa mlinzi, akaacha mlango wazi, kisha akashangaa kuibiwa.

Mfuko wa kijani aliuzika mwisho wa shamba, mbali na chumba.

Mei tisa alilaza mabua mengine katika chokaa. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama. Yareli alirudi kutoka shuleni na ua la karatasi, akamkuta mama yake amesimama mbele ya beseni, mikono ameificha chini ya aproni.

"Mama, unaliogopa beseni?"

"Naiogopa mikono yangu. Inataka kuosha."

"Sasa usioshe."

"Ni rahisi kusema. Wewe hujaosha mahindi miaka arobaini. Hebu njoo, ushindilie wewe. Mimi nitanyunyiza mbegu tu."

Yareli aliweka ua mezani, akakunja mikono ya sweta. Mabua yalikuwa yakiteleza, yana harufu ya jikoni asubuhi. Hermelinda alinyunyiza punje zile nyeupe, tabaka kwa tabaka, na kila mara ndoo ya maji safi iliyokuwa kando ilipomwita, aligeuza uso.

Safari hii mfuko ulianza kuwa mweupe kutoka juu mpaka chini. Wiki ya nne ulikuwa kama mto wa kulalia. Alitoboa matundu kwa ncha ya kisu, akaning'iniza vitambaa vyenye maji dirishani, akangoja. Wiki ya tano hakikuota kitu. Yareli alikishusha kikapu, akakipangusa masizi, akakianika juani, bila kusema neno. Hermelinda naye hakusema neno, kwa kuwa aliahidi. Ila usiku usingizi ulimkimbia, na mchana alivunja sahani mbili.

Tarehe kumi na tisa Juni, kwenye tundu moja, palitokea vichwa vidogo, kama vya njiti za kiberiti. Kesho yake vilikuwa kama vifungo vya shati. Siku ya tano vilikuwa vimefunguka, vya kijivu, vimepandana kama masikio ya watu wanaosikiliza ukutani.

Ilikuwa siku moja kabla ya San Juan. Hermelinda aliukata uyoga kwa kisu, akaupika kwa kitunguu, pilipili mbichi na majani ya epazote yenye harufu kali. Mkono wake ukachukua punje ya kitunguu saumu, ukaitumbukiza. Aliitazama ikielea, nyeupe, kisha akaitoa kwa kijiko na kuitupa kwenye majivu.

"Mbona unakitoa?" aliuliza Yareli.

"Ni kitunguu cha uongo. Kilimwongopea bibi yako."

Msichana aliketi. "Mama, niambie kweli. Bibi alikuwa hajui?"

Hermelinda alizima moto. Neno hili alikuwa amelibeba miaka minane, na alijua kwamba akilimeza leo, kesho kikapu kitapanda mlima, ahadi au hakuna ahadi, kama si mwaka huu basi ujao.

"Alijua uyoga wote," alisema. "Ila alikuwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Uyoga mchanga ukiwa bado umejifunika kama yai, wa kula na wa kuua huvaa nguo moja. Usipoupasua, huujui: wa kula una manjano ndani, mwingine ni mweupe. Yeye aliupasua. Tofauti ya manjano na nyeupe hakuiona tena."

"Nani alikwambia?"

"Sikuambiwa. Nilimwona mimi. Kwaresima ile alishindwa kutia uzi kwenye sindano, akasema sindano ni mbovu. Nikanyamaza. Utamwambiaje mama yako kwamba haoni, wakati macho yake ndiyo heshima yake? Nikaona ni adabu kunyamaza. Nikamtilia uzi, nikanyamaza."

 Yareli akasema, "Kwa hiyo hakuchanganyikiwa."

"Hata kidogo. Na wewe watakapokwambia hivyo shuleni, uwaambie mama yako ndiye aliyenyamaza."

Alipakua uyoga kwenye tortilla. Yareli akanyoosha mkono, mama yake akampiga kidogo vidoleni.

"Kanuni. Aliyechuma huonja kwanza. Wewe mpaka kesho."

"Mama, huu umeuona unakua siku arobaini!"

"Kesho."

Akala. Tonge la kwanza alilitafuna muda mrefu kabla ya kulimeza. Ulikuwa mtamu, laini kama kidari cha kuku, na kwa chini kabisa ulikuwa na ladha ya chokaa, au pengine alidhani tu.

Asubuhi ya San Juan akina mama wachuma uyoga walipita mapema, wakiitana kwa vicheko. Yareli alikuwa langoni akiwatazama. Crescencia, ambaye hakukosa kupita, alimwuliza kwa sauti, "Wewe hupandi? Si ulisema?"

"Siku yangu bado, mama wa ubatizo."

Kisha akaingia jikoni, ambako tortilla zilikuwa zikigeuzwa juu ya kikaango, akauliza bila kuinua macho, "Mama, uko hai?"

"Sijui. Njoo unitazame vizuri."

Msichana alikuja karibu, akamshika mama yake kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akamtazama jicho la kulia, akamtazama la kushoto, kama mtu anayetafuta kibanzi. Alichukua muda wake.

"Uko hai," alisema. "Na macho yako bado ni mazuri. Yakianza kuharibika nitakwambia, hata ukasirike."

"Uniambie," alisema Hermelinda.

Yareli alikula uyoga uliobaki, wa baridi, kwa tortilla tatu za moto. Kisha akachukua kikapu cha bibi yake na kisu, akaingia katika kile chumba, kwa sababu kwenye tundu la chini masikio mengine ya uyoga yalikuwa yameshafunguka.