Mzungu Asiyeteleza

Juzi niliona kwenye televisheni watu wakiteleza juu ya theluji, magoti yamekunjwa, mwili umeinama mbele, nikamkumbuka mzungu mmoja wa Gisenyi, mji wa utoto wangu.

Mvua ikinyesha, njia ya mlima Rubavu ilinuka tope na majani mabichi, na wazungu wengine wote walianguka pale. Yeye alishuka kiubavu, magoti yamekunjwa hivyohivyo.

Bibi yangu, kikapu cha viazi kichwani, alinivuta mkono. “Ule muzungu iko na dawa mu miguu. Usikanyage pale amekanyaga.”

Nikaziruka nyayo zake zote. Sikujua kwao theluji huwafundisha watoto kushuka, kama tope lilivyomfundisha bibi.

Chini tulimkuta amesimama, ameikazia macho miguu mitupu ya bibi.

“Mama,” aliuliza kwa shaka, “we hapana anguka. Iko na dawa gani?”