Bango la Bafuni

Nilikuwa na sabuni machoni na mwanangu yumo kwenye beseni, mlango wa bafu ukaondoka. Sisemi ulifunguka. Uliondoka, pamoja na khanga yangu niliyoitundika juu yake, maana mlango wenyewe ni bango la turubai, na afisa wa shirika linalotuhifadhi alilitaka kwa ajili ya picha.

"Dakika moja tu, dada," akasema, kageukia ukutani kwa heshima. "Wageni wameshafika."

Wageni wa shirika, wao, hawakugeuka. Mwanangu akawapungia mkono.

Nyumba ile ya Kibaha, nyuma kidogo ya Maili Moja, tumepangishiwa sisi waombaji hifadhi tuliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tulipohamia, bafu lilikuwa na fremu tupu. Tukaambiwa mlango unachongwa Kisarawe, iliko ofisi ya shirika. Tukiwa tunaungoja tukapewa semina ya makazi yanayozingatia haki za binadamu, na ilipokwisha tukaachiwa bango lake: FARAGHA NI HAKI YAKO. Tukalitundika kwenye fremu. Wakija wageni linatoka kwenda kupigwa picha, wakiondoka linarudi bafuni.

Bibi mmoja ninayeishi naye alikuwa akininyamazisha kila siku: tusionekane hatuna shukrani, sisi huku ni wageni, na mgeni ni kuku mweupe, hakosi kuonekana. Siku hiyo akanianzia tena, mimi nimechutama nyuma ya beseni.

"Kuku ana manyoya, bibi," nikamjibu, wageni wakisikia.

Khanga nikarudishiwa. Bango likamalizia picha zake.

Kesho yake nikapanda gari, mtoto mgongoni, hadi ofisini kwao Kisarawe. Walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Dada wa malalamiko akaniambia mambo kama haya ni ya siri, tuzungumze faragha, akafunga mlango wa ofisi. Wa mbao, una komeo. Nikainuka, nikaufungua, nikaufunga, nikaufungua tena, mpaka akaniuliza kama najisikia vizuri.

Akanipa karatasi, akanisihi nianze kwa shukrani. Nikaanza nazo, na sikuondoka mpaka wakagonga muhuri:

"Nashukuru kwa nyumba. Nalalamika kwamba bafu halina mlango. Naomba mlango wa mbao, wenye komeo kwa ndani. Usiandikwe kitu."