Semeni, Aliyewashonea Wavishwa

Asubuhi ile Semeni aliamka akigombana na uzi. Mudathir alikuwa barazani anapuliza mkaa wa pasi, akamsikia ndani anausema uzi kama mtu anavyomsema mkwe mvivu.

"Unakatika nini wewe? Jana nilikulaza njaa?"

"Unaongea na nani, Mama Sia?"

"Naongea na mwenye akili. Wewe puliza moto wako."

Walikula muhogo wa kuchemsha, mawese kidogo na chumvi. Semeni hakumaliza chai. Alikuwa na joho la Upepo magotini, limechanika kwapani, maana Mkuu wa Wavishwa alilinasisha kwenye mlango wa gari akishuka. Aliligeuza, akalitazama, akasonya.

"Nenda Katonga," akasema. "Kwa Winfrida, yule mwanika dagaa. Mwanawe alipinduka na mtumbwi juzi, akaogelea mpaka nchi kavu. Niombee uzi mmoja wa shati alilokuwa amevaa. Mmoja tu. Na asiwe amelifua."

"Na pasi zangu?"

"Nguo za watu zitakimbia? Nenda, Baba Sia. Mapema."

Akaenda. Alirudi kabla ya adhuhuri, uzi ameuviringisha ndani ya leso. Semeni alikuwa ameegemea cherehani, shavu limelalia joho.

"Mama Sia, uzi huu hapa."

Akasema tena. Akamgusa mkono, umekwisha poa. Basi.

Sasa, ili mtu aelewe kilichomuuma Mudathir, lazima aelewe Wavishwa ni nani. Ni wanaume kumi na wawili. Kila mmoja ana vazi lake. Mwenye joho la Upepo akiinua mkono wa kushoto, kusi linatulia ziwani. Mwenye kofia ya Radi akiivaa, radi inapita kando ya kijiji. Kuna mwenye kizibao cha Mvua, na wengine. Nguvu iko kwenye nguo. Wakivua, ni wazee kama wazee wengine, wanakohoa, wanatafuta miwani. Zamani nguo hizo zilikuwa za gome la mti lililopondwa. Baadaye zikaja za pamba. Uchawi ukahamia kwenye pamba, kama mtu anavyohama nyumba na vyungu vyake.

Lakini haukuhama wenyewe. Ulihamishwa na mafundi. Fundi wa mwisho alikuwa Semeni.

Alizaliwa Ujiji, akafundishwa sindano na shangazi yake, akarithi kazi ya Wavishwa shangazi alipopofuka. Miaka arobaini na moja. Mudathir alimwoa akiwa tayari na cherehani. Mahari alitoa yeye, lakini cherehani ndiyo iliyowalisha, na pasi ya Mudathir ikaongezea mboga.

Namna ya kazi ilikuwa hivi. Nguo ya Wavishwa haipati nguvu kwa dua ya Mkuu, wala kwa ukoo wa anayevaa. Inapata kwa nyuzi. Chini ya bitana, mahali pasipoonekana, Semeni alishona uzi mmojammoja uliochomolewa kwenye nguo ya mtu aliyenusurika. Joho la Upepo lilikuwa na nyuzi za watu waliozama wakatoka. Kofia ilikuwa na nyuzi za waliopigwa radi wakaamka. Uzi wa shati, wa kanga, wa sare ya shule, wa kaptula ya mvuvi. Kwa ajili ya nyuzi hizo alitembea mpaka Simbo kwa miguu, akapanda Kalinzi mgongoni mwa pikipiki, ameshika kilemba. Alikuwa anawaamkia watu, anakaa, anasikiliza mtu alivyopona, mwanzo mpaka mwisho, ndipo anaomba uzi. Bila kusikiliza, alisema, uzi unakuwa uzi tu.

Wavishwa hawakujua. Hawakuuliza. Walikuwa wanaingia na viatu mpaka kwenye mkeka wa kukatia nguo. Miguu ya Semeni ilivimba miaka mitatu, hakuna aliyesema, Mama, miguu hiyo vipi? Walimwita "mkono wetu." Mudathir alisikia neno hilo mara nyingi, akawa anapiga pasi kwa nguvu kuliko nguo ilivyotaka. Mkono una tumbo, alikuwa anawaza. Mkono unaumwa.

Semeni alizikwa siku ya pili, baada ya adhuhuri.

Wavishwa wana desturi. Akifa mwenzao, wote hugeuza nguo zao, ndani ikawa nje, wakafuata jeneza hivyo hivyo, mishono ikionekana na watu wote. Ndiyo heshima yao ya mwisho. Mudathir alikuwa amewaona wakifanya hivyo mara nne. Mara zote nne Semeni ndiye aliyekaa usiku kabla, anakaza mishono ya ndani wasije wakaaibika.

Walikuja kumi na wawili. Nguo hazikugeuzwa.

Mudathir alisubiri. Pengine watageuzia njiani. Jeneza likainuliwa, likapita msikitini, likafika makaburini. Mkuu, Mzee Eliakimu wa Kalinzi, alisimama na joho lake la kawaida la ukuu, linang'aa upande wa nje.

"Mzee Eliakimu," Mudathir akamwambia taratibu. "Nguo."

"Nguo imefanyaje?"

"Hamjageuza."

Eliakimu akamshika bega kama anavyoshikwa mtoto. "Nguo inageuzwa kwa Mvishwa, Mzee wangu. Mama alikuwa fundi. Pole sana." Kisha, udongo haujakaa sawa, akainama sikioni. "Lile joho la Upepo, alikuwa amefikia wapi?"

Mudathir akamgeuzia mgongo, akachota udongo kwa viganja, akaumwaga kaburini.  

Siku ya tatu wakaja watatu, Eliakimu mbele, na viatu. Wageni wa msiba wakawapisha. Mudathir alikuwa amekalia joho, amelikunja chini ya mto.

"Mali ya chama, Mzee," Eliakimu akasema. "Mwezi unaisha. Giza la mwezi likiingia wavuvi wa dagaa wanatoka, na kusi limeanza."

"Geuzeni nguo kwanza. Nendeni kaburini mkageuze. Halafu chukueni."

"Hatuwezi kuvunja mila kwa ajili ya mtu mmoja."

"Mila kaishona nani?"

 Wakashika joho upande mmoja, yeye upande wa pili. Mzee wa miaka sabini na sita anavutana nguo na watu wazima, mbele ya wafiwa! Akasikia mshono unalia. Akaachia. Hakuachia kwa woga. Mshono ule ulikuwa wa Semeni.

Walilipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, kijana mwenye cherehani ya umeme. Kijana akafungua bitana apate kuziba kwapa, akakuta ndani nyuzi za rangi zote, mamia, zimejipanga kama vijidudu. Akauliza, hizi je? Eliakimu akazitazama. Nyingine zilikuwa zimefifia, nyingine zinanuka samaki.

"Takataka za bibi," akasema. "Toa."

Kijana akafumua zote, akafagia, akamwaga nje. Kisha akalipiga joho pasi na wanga. Joho la Wavishwa halipigwi pasi. Mudathir, ambaye pasi ndiyo kazi yake, miaka yote ile hakuthubutu hata kulisogezea mkaa.

Siku za giza la mwezi zilipoingia, wavuvi wakajipanga Katonga na karabai zao. Eliakimu akafika jioni, jua bado lipo, joho limenyooka kama karatasi. Kusi lilikuwa linavuma. Akashuka mpaka maji yakamgusa vidole, akainua mkono wa kushoto.

Kusi likavuma.

Akauinua zaidi. Upepo ukaingia chini ya joho, ukalipandisha lote, ukamfunika kichwa, akabaki na kaptula. Wanawake wa kuanika dagaa wakacheka. Winfrida akapaza sauti: "Mkuu, teremsha pazia, tumeshaona nyumba!"

Lakini mitumbwi ya mbele ilikwishatoka, maana walimwamini. Kicheko kikakatika. Mitumbwi mitatu ikagongana, karabai zikazama, mtumbwi wa Winfrida ukapasuka ubavu. Watu walitolewa wote, wazima, wamemeza maji. Kwa rehema tu, si kwa Eliakimu.

Winfrida akamfuata pale pale, kanga imelowa.

"Uzi wa mwanangu uko wapi?"

"Uzi gani?"

"Uzi! Niliompa mumewe Mama Sia aupeleke. Na wa mume wangu mwaka ule. Na wa dada yangu. Zote ziko humo. Ziko wapi?"

Hapo ndipo Eliakimu alipokumbuka kijana na ufagio. Hakusema. Lakini uso ulisema, na Winfrida ni mtu wa sokoni, anasoma uso kabla ya bei.

Kesho yake asubuhi akaja Ujiji na pikipiki, yeye na wenzake wanne wakifuatana. Akaingia, akavua kandambili mlangoni, akaketi, akamwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Mwakeye, Mzee."

"Karibu, mama."

"Wamezifumua. Zote. Wamezifagia."

 Mudathir aliwaza Simbo, miguu iliyovimba, njia ya Kalinzi yenye utelezi. Aliwaza saa zote ambazo Semeni alikaa akisikiliza watu wakieleza walivyokunywa maji. Miaka arobaini na moja imeingia jalalani kwa dakika ngapi? Hasira ikamjaa mpaka macho yakauma. Akatoa leso mfukoni. Uzi wa shati la yule mvulana ulikuwa bado umo, haukuwahi kushonwa.

"Huu haujafagiwa," akasema.

Mchana Eliakimu akafika. Alisimama nje, akawaona wanawake, akavua viatu. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, Mzee."

Eliakimu ni mkubwa kwa umri, miaka miwili. Mudathir hakuitikia.

"Nimekosa," Eliakimu akasema. "Sikujua zile ni nini. Tuambie alivyokuwa anafanya. Si kwa ajili yetu. Watu wa ziwani watakufa."

"Usiwatangulize wavuvi kama ngao," Winfrida akadakia. "Wavuvi ni sisi."

"Geuzeni," Mudathir akasema.

"Mzee, sisi wote kumi na wawili?"

"Wote."

"Basi tuje alfajiri, kabla watu hawajatoka."

"Mchana. Jumamosi. Mpite sokoni."

"Utatuaibisha."

"Na yeye mlimpitisha wapi? Mlimpitisha kama mzigo wa mkaa!" Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu msiba. Alihema. Kisha akaongeza polepole, "Mkigeuza, nitasema ninachojua. Msipogeuza, nakufa nacho."

Eliakimu akawageukia wanawake. "Nyinyi mtakubali watu wenu wafe kwa neno la mzee mmoja?"

"Sisi ndio wenye nyuzi," Winfrida akajibu. "Hamgeuzi, hatutoi hata uzi wa tambara la jikoni. Tutakaa nchi kavu tule muhogo. Tumeshakula muhogo kabla yako."

Wakatazamana. Eliakimu akavaa viatu vyake huko nje, amechuchumaa kama mtu yeyote.

Jumamosi wakaja. Walianzia nyumbani kwa Mudathir, kumi na wawili, nguo zimegeuzwa, bitana zinaning'inia, maana walikuwa wamezifungua kutafuta nyuzi. Wakapita sokoni saa za watu wengi. Mwanzoni vijana wakaanza kuchekelea, "Oya, wazee wamevaa gizani!" Kisha watu wakaona. Joho la Upepo lilikuwa tupu ndani, mashimo ya sindano yamejaa. Lakini kofia, kizibao na zingine zilikuwa bado na nyuzi zake. Nyekundu, bluu, kijani, kahawia ya jasho. Mwanamke mmoja muuza mawese akaacha meza yake, akaenda akashika pindo la kizibao.

"Huu wangu," akasema. "Huu ni wa lile gauni, mwaka wa mafuriko. Alikaa kwangu kutwa nzima, bibi yule. Nilimwambia kila kitu."

Akafuata nyuma. Wengine wakafuata. Vijana wakavua kofia, hakuna aliyewaambia.

Makaburini wanawake walisimama nje ya uzio. Wavishwa wakazunguka kaburi, mishono nje. Mudathir akalitazama lile duara. Kila mshono aliujua. Ule alioshona mwaka wa kuzaliwa Sia, umepinda kidogo. Ule wa alipokuwa na homa. Alidhani hasira itaondoka. Haikuondoka. Ilikaa chini tu, kama mtu aliyechoka.

Dua ikaisha. Mudathir akawaambia habari ya nyuzi, kwa maneno machache. Waombe wenyewe, kwa miguu yao. Wakae. Wasikilize mpaka mwisho. Kushona watajifunza, wasipojifunza, wawaombe wanawake wa Katonga, na watakaoshona wahesabiwe Wavishwa, wakizikwa nguo zigeuzwe. Eliakimu akaitikia kwa kichwa. Wote wakaitikia.

Kisha Eliakimu akasogea, sauti ameishusha. "Mzee Mudathir. Mama hakutuachia neno? Miaka yote ile. Alikuwa anasemaje juu yetu?"

Kumi na wawili wakasogea wasikie. Nyuso zao zilitaka baraka. Mudathir akafikiri kuwatungia moja. Lakini mbele yake lilikuwa kaburi, na kaburini hapasemwi uongo. Basi akawaambia kama lilivyotoka mdomoni mwa Semeni, Ramadhani iliyopita, pini zikiwa kati ya meno, Eliakimu ndiyo kwanza ametoka bila kuaga:

"Hawa wakubwa ni misumari tu, Baba Sia. Nguo ikitundikwa ukutani, na msumari nao hudhani umevaa."